Mama Anaumwa Tumbo

Nikikwaruza tangawizi mbichi kwa ajili ya chai, lazima nisimame kidogo. Watoto wangu wameshazoea. Wanasema mama ameanza safari zake. Harufu ile inanirudisha kwenye kizingiti cha nyumba yetu ya udongo, juu ya kijiji cha Gare, ambako mama yangu alikaa kila asubuhi na kipande cha tangawizi shavuni, akichambua maharage kwa mkono mmoja na kumsalimia kila aliyepita njiani. Wa rika langu mtaikumbuka miaka ile, tulipokuwa na sare moja ya shule iliyofuliwa jioni na kuvaliwa asubuhi ingali mbichi, na nyimbo za kujitegemea tulizoziimba hata tukiwa na njaa. Mama naye alikuwa na kicheko kimoja tu, cha kusikika ng'ambo ya bonde. Kicheko hicho ndicho kilichonitesa utotoni.

Mama alikuwa mgonjwa. Aliondoka kwenda hospitali kubwa ya Dar es Salaam mahindi yakiwa ndiyo kwanza yanachipua, akarudi tunavuna. Alirudi amekonda, mkono wa kulia umevimba na hauinuki kupita bega, na ameagizwa kurudi huko kila baada ya wiki kadhaa kuchomwa sindano. Baada ya kila sindano alitapika mpaka akabaki anatetemeka, na nywele zake zikabaki kwenye mto. Sisi watoto tuliambiwa mama anaumwa tumbo. Aliyetuambia ni Bibi, mama yake baba, na alitamka kwa sauti ya kufunga mjadala. Tumbo lilikuwa ugonjwa wenye heshima zake. Lingeweza kutajwa mbele ya wakwe, mbele ya mwalimu, hata mbele ya shehe, na hakuna ambaye angeinamisha macho. Mimi nilipomwona mama anatapika, niliamini kabisa.

Ila mama hakujua kuugua, au niseme hakujua kuugua kwa namna tuliyoizoea kwetu. Aliamka kabla ya ukungu kuondoka, akaoga maji ya moto, akajitanda kanga yake nzuri na kujipaka wanja. Baba alimwuliza siku moja kwa nini asijipumzishe, akamjibu kwamba ugonjwa umeshachukua ulichotaka, lakini asubuhi zake haupewi. Kila siku alitaka afanye kitu kimoja cha kuonekana kwa macho: atie kiraka shati la baba, apande mstari wa vitunguu nyuma ya jiko, asuke ukili. Kichefuchefu kikimzidi alizunguka nyuma ya nyumba, tukamsikia, kisha akarudi amesukutua mdomo, akauliza, "Tuliishia wapi?" na kuendelea na hadithi pale pale ilipokatikia. Jioni alimtania baba kuhusu kofia yake mpaka baba, mtu asiyependa maneno mengi, akacheka kwa kujificha.

Kwetu kumjulia hali mgonjwa kuna taratibu zake. Mgeni huvua viatu, huingia chumbani kwa kuinama, hukaa kwenye kigoda karibu na kitanda na kuuliza kwa sauti ya chini ameamkaje. Mgonjwa hujibu kwa kuvuta pumzi kwamba hivyo hivyo. Mgeni hutoa mayai yake au mkungu wake wa ndizi, hupewa kisa cha ugonjwa tangu mwanzo, husikitika, huaga. Waliokuja kwetu walimkuta mgonjwa uani, macho yana wanja, anawawekea chai wao. Akawauliza habari za mbuzi wao. Waliondoka na pole zao mkononi, hawajui waziweke wapi, na nilipowasindikiza niliona walivyotazamana.

Aliyekuja mara nyingi kuliko wote ni jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, Mama Hadija. Binti yake, Hadija, nilikaa naye dawati moja. Mama Hadija alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, mwenye kukaa ukingoni mwa mkeka kama aliyekuja kuazima kitu akasita kukitaja. Hakucheka mama alipocheka. Mara nyingine alinisubiri kijitoni nikichota maji, nikamwamkia, akaitikia, kisha akauliza mama anaumwa nini hasa.

Nilimjibu kwamba ni tumbo.

Aliuliza tena kama ni tumbo tu, nami nikasema ni tumbo tu, naye akaniangalia kabla ya kujitwisha ndoo yake. Nilimchukulia kuwa mmbea. Nilidhani anatafuta ushahidi wa yale yaliyokuwa yakisemwa.

Maana yalikuwa yakisemwa. Wakati ule kijiji kizima kilikuwa kinachimba barabara ya kuungana na ile kubwa iendayo Lushoto, na siku za msaragambo, za kazi ya pamoja, pembe ililia alfajiri, kila nyumba ikatoa watu wenye majembe. Baba alikuwa balozi wa nyumba kumi. Kazi yake ilikuwa kupita mlango kwa mlango kuhakikisha hakuna anayebaki kitandani, na mlango wa kwanza kwenye njia yake ulikuwa wetu. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa amemsamehe mama kazi zote za pamoja kwa sababu ya maradhi. Basi watu waliokuwa wakishuka na majembe mabegani kwenye baridi ile walimpita mama kizingitini, kajipamba, naye akawaamkia kwa Kishambaa, "Onga makeo!" na kuwatania wenye usingizi. Walimwitikia. Walipofika kwenye kona walianza kusema.

Shuleni tulikuwa tunafundishwa habari za wanyonyaji. Mwalimu alikuwa amechora ubaoni ng'ombe aliyekonda na kupe aliyevimba, akatuuliza kupe ni nani katika kijiji. Hadija alinyoosha mkono. Alisema kupe ni mtu mzima anayekaa nyumbani akicheka wakati wenzake wanachimba barabara. Mwalimu alisema vizuri sana, bila kujua, na darasa zima likanigeukia. Nilitazama kifuniko cha dawati mpaka kengele ikalia. Tangu siku hiyo niliitwa mtoto wa kupe, na kwa kweli sikuona la kubisha. Mgonjwa nilimjua: nilimwona babu wa jirani alivyolala, alivyoguna, alivyokufa. Mama yangu hakufanana naye hata kidogo. Mtu anaumwaje tumbo huku anapaka wanja?

Nikaanza kupitia njia ya juu, kwenye miti ya miwati, nisitokee mbele ya nyumba yetu wenzangu wakiwapo. Mama akiniita kwa sauti yake ile kutoka ng'ambo, nilijifanya sisikii. Mwishowe nilimlilia Bibi. Nilimweleza ya shuleni, na Bibi, ambaye yalikuwa yamemchoma siku nyingi kuliko mimi, alikwenda kumkalisha mama chini. Nilisimama mlangoni. Alimwambia kwamba watu wanataka kumhurumia naye anawazuia, kwamba anamvunjia mumewe heshima, balozi wa watu, na sasa mtoto anachekwa. Alimwomba alale tu kitandani kama wagonjwa wengine wanavyolala, watu waje, waone, waridhike.

Mama aliniangalia mimi. Alikuwa ametoka kutapika, na wanja ulikuwa umechuruzika kidogo chini ya jicho. Nilitegemea atatoa mzaha.

"Haya," alisema. "Nitaumwa wanavyotaka."

Alilala. Na hapo nyumba yetu ikawa nyumba ya mgonjwa inayoeleweka. Viatu vilijaa mlangoni. Wanawake waliinama kuingia, wakakaa kwenye kigoda, wakanong'ona, wakatoka wakijifuta macho kwa ncha za kanga. Mayai yalitushinda kula. Nilipitisha bakuli la uji katikati yao kwa hatua za polepole, uso nimeukunja inavyostahili, na nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeipata tangu mama aanze safari za Dar. Hadija alinipa tunda lake la pea shuleni, lote, bila kuling'ata kwanza. Mwalimu aliniuliza mama anaendeleaje. Nilijibu hivyo hivyo, kwa kuvuta pumzi. Hakuna aliyeniita mtoto wa kupe tena.

Kitu kimoja tu sikukielewa, kwamba mama hakuinuka hata wageni walipokwisha. Mara ya kwanza nilimfuata nikamwambia wameondoka wote, anaweza kuamka sasa. Alisema baadaye. Kesho yake alisema baadaye. Wanja hakupaka, vitunguu vilikauka nyuma ya jiko, na kicheko nilichokuwa nimekiombea kinyamaze kilinyamaza kweli. Nilijiambia kwamba mama anajua kuigiza.

Wiki ya sindano ilipokaribia, Baba Mkubwa alipanda kutoka Bulwa, kwenye mashamba ya chai alikokuwa akifanya kazi. Yeye ndiye kaka mkubwa wa baba, na neno lake lilikuwa la mwisho. Aliingia kumwona mama, akatoka na uso umeanguka. Walikaa sebuleni, yeye, baba na Bibi, nami nikawapelekea chai. Baba Mkubwa alisema mgonjwa wa kulala namna ile hapakizwi kwenye basi. Mabasi yanaharibika, barabara ya kushuka Mombo ni ile ile, na akikata roho njiani itakuwa aibu ya ukoo mzima, maiti ya mwanamke wao kulazwa kando ya barabara mbele ya macho ya watu. Bora abaki, ahudumiwe, kama ni kwenda aende akiwa nyumbani. Bibi aliitikia huku analia. Baba aliizungusha kofia yake mikononi, akasema daktari alisisitiza sindano zisikatike. Baba Mkubwa alimwuliza kama daktari huyo amemwona mgonjwa alivyo leo. Baba aliirudisha kofia kichwani, na kwa kaka yake hilo lilikuwa sawa na kukubali.

Ukuta kati ya sebule na chumba cha mama ulikuwa wa fito na udongo. Ulipitisha hata kikohozi.

Kesho yake pembe ililia. Baba alikuwa anafunga kamba za viatu ili atoke kuwaamsha watu wake. Mama alitoka chumbani akiwa amevaa, wanja machoni, ameshika ukuta. Akachukua jembe dogo lililokuwa nyuma ya mlango, lile la kupalilia, akatoka. Bibi alimwita akamaliza majina yote. Mama alijibu kwamba yeye ni mwanakijiji na pembe imelia.

Nilimfuata kwa mbali. Siku ile, kama ardhi ingekubali kunificha, ningeingia mwenyewe. Kijiji chote kilikuwa pale kwenye mteremko, watu wamepangana, na wote waliokuwa wamemlilia kitandani walimwona akija kwa miguu yake na jembe. Wengine waliacha kuchimba. Mwanamke mmoja alisema kwa sauti ya kusikika kwamba kumbe mayai yake yameliwa na mtu mzima wa afya. Mama alisikia, akamwambia yalikuwa mazuri, amletee mengine. Watu walicheka, si kwa wema. Nilijua kwamba kesho shuleni itakuwa mbaya kuliko siku zote.

Akaanza kulima. Mkono wa kulia haukufaa, kwa hiyo alilima kwa wa kushoto, jembe linaruka huku na huku, udongo unamrudia miguuni. Alilima kipande ambacho mtoto angekimaliza kwa kucheza. Alisimama, akaingia kwenye miwati, sote tukamsikia akitapika, akarudi amejifuta kwa kanga. Akashika tena jembe. Hakuna aliyekuwa anacheka sasa. Pembe ya mapumziko ilipolia alikuwa bado anainama na kuinuka, jasho limeuchanganya wanja na udongo, na Baba Mkubwa, aliyekuwa ameitwa na Bibi, alikuwa amesimama juu ya ukingo wa barabara pamoja na baba.

Mama aliegemea mpini. Alimwamkia shikamoo kwanza, kama kawaida ya mtu na kaka wa mumewe.

"Shemeji," alisema, "umeniona nikilima barabara. Kukaa kwenye basi kutanishinda?"

Baba Mkubwa alitazama kile kipande kidogo kilichochimbuliwa. Baba alivua kofia, akashuka, akachukua jembe kutoka mkononi mwa mke wake mbele ya watu wote, jambo ambalo mwanamume wa kwetu halifanyi hadharani, akamshika bega na kumpandisha nyumbani. Aliniambia nikakunje nguo za safari.

Siku ya kuondoka nilibeba kikapu mpaka kwenye barabara kubwa. Baba alitangulia kuzuia basi. Mama alikwenda polepole, anapumzika kila penye jiwe, na kwenye mojawapo ya mapumziko yale aliniambia nimpe mkono. Aliuweka kifuani kwake, upande wa kulia. Chini ya gauni palikuwa na kitambaa kilichokunjwa, na chini ya kitambaa hapakuwa na kitu. Aliniambia haumwi tumbo. Lilikuwa titi, lilianza kwa uvimbe usiouma, wakalikata, na sindano ni za kuzuia ugonjwa usirudi mahali pengine. Alisema mimi ni mwanamke, nijue, na mtu akiniuliza nimwambie. Niliondoa mkono. Masikio yaliniwaka moto. Neno lenyewe kutamkwa njiani, mchana, lilinitia aibu kuliko jembe, kuliko kupe, kuliko yote.

Kituoni palikuwa na watu wengi, wenye matenga ya kabichi na karoti ya kushusha Mombo. Mama alipanda, akapata kiti cha dirishani, na mara moja akaanza kumtania kondakta. Mama Hadija alikuwepo. Alikuja akasimama karibu yangu, nikamwamkia. Akainama kidogo.

"Hebu niambie, mwanangu. Mama yako anaumwa nini hasa?"

Nilitazama juu dirishani. Mama alikuwa amemwacha kondakta, ananitazama. Alisubiri.

"Tumbo," nilisema.

Mama alitoa kichwa nje. Hakukasirika, na hilo ndilo nisilolisahau. Alisema kwa sauti ile ile ya kusikika bonde zima, "Ni titi, Mama Hadija. Walilikata. Huyu mtoto ananionea haya tu."

Wenye matenga walitazama chini. Baba alijishughulisha na kutazama matairi. Basi likaondoka, nami nikabaki pale nimesimama na sikujua niweke wapi macho. Mama Hadija hakuondoka. Alikuwa amekunja mikono kifuani, kanga ameikaza mpaka vidole vimemgeuka rangi. Aliniuliza kama mama alisema lilianzaje. Lilikuwa linauma au haliumi? Nilimwambia haliumi. Alikaa chini kwenye majani yenye umande, kituoni, kati ya matenga, mtu mzima yule.

Mama alirudi, na siku hiyo hiyo Mama Hadija alivuka kijito. Walijifungia chumbani, na kwa muda wote waliokaa humo sikusikia kicheko. Safari iliyofuata ya Dar walipanda basi wawili. Mama alizimaliza sindano zake, nywele zikaota, akaishi mpaka akagombana na mimi kuhusu mchumba wangu na kushinda. Mama Hadija aliambiwa amechelewa. Alirudishwa akalazwa kitandani, na watu walimtembelea kwa taratibu zote, kwa sauti za chini, na mama yangu alikuwa wa kwanza kufika kila siku na wa mwisho kutoka, akimsimulia mambo ya ajabu mpaka siku moja nilimsikia yule mwanamke mkimya akicheka kidogo.

Hadija alikosa shule kwa muda. Siku aliyorudi alikaa mahali pake karibu yangu, sare yake haijafuliwa. Mwalimu alipofika kwenye jina lake alisimamisha kalamu, akamwuliza kwa upole mama yake anaumwa nini.

Hadija aliinuka. Alishika ukingo wa dawati letu kwa mikono miwili.

"Tumbo, mwalimu," alisema.

Mwalimu alimpa pole na kuendelea kuita majina. Hadija aliketi bila kunitazama, bega lake limegusa langu, nami, niliyeujua ukweli, nilifungua daftari, nikainama, na kunyamaza.